Kitabu cha ajali si kituo cha polisi

VYUO VIKUU vya Uingereza na Marekani hufunguliwa kila alfajiri na watu ambao majina yao hayamo kwenye milango ya ofisi. Ni wafagiaji, walinzi, wapishi, waosha vyombo na wabeba mizigo wa mabweni. Wengi wao wanazungumza Kiswahili. Tunawajua kwa sababu ndio wasomaji wetu: wanatufungua kwenye simu saa kumi alfajiri wakiwa ndani ya basi la kwanza, au saa nne asubuhi wakirudi kulala. Wapo pia walioingia chuoni kwa mlango wa mbele, wanafunzi wa shahada za juu wanaoshinda maabara, ambao jioni nao huvaa aproni jikoni au kukaa zamu maktaba ili kodi ya chumba ipatikane.

Tahariri ya leo inawahusu wote hao. Inahusu jambo ambalo tumelisikia mara nyingi mno katika barua na simu za wasomaji: mtu ameumia kazini, au ameona kitu ambacho kesho kitamuumiza mwenzake, naye amenyamaza. Mgongo umevutika wakati wa kuinua mashine ya kusugulia sakafu. Ngozi ya mikono imepasuka kwa dawa za kusafishia. Kidole kimechomwa na sindano iliyotupwa kwenye mfuko wa taka. Ukimuuliza kama ameandikisha, anakujibu: niandikishe ili iweje, nikose na kazi?

Msimamo wetu ni kwamba aandikishe. Aandikishe kwa maandishi, siku ile ile, na abaki na nakala. Tunajua tunachomwomba si kidogo, na tutaeleza kwa nini tunamwomba hata hivyo.

Tuanze na hofu yenyewe, maana wanaoandika vipeperushi vya usalama kazini huiruka. Kwetu neno kuripoti lina harufu ya polisi. Mtu huripoti kituoni, huripoti kwa mjumbe wa nyumba kumi, huripoti kwa afisa uhamiaji. Aliyeishi chini ya serikali inayofuatilia watu amejifunza kwamba jina likishaandikwa kwenye daftari la mtu mwingine limeshatoka mikononi mwake. Sisi tunaoandika ukurasa huu tunalijua hilo vizuri. Tuko ugenini kwa sababu ya mambo tuliyoyaandika na kuyatia sahihi. Kwa hiyo hatuwezi kumcheka mama wa makamo anayekataa kujaza fomu ya ajali huku kifundo cha mguu kimemvimba kama embe. Yeye anahesabu: karatasi za ukaazi zinaisha lini, msimamizi ni rafiki wa nani, wadogo zake nyumbani watakula nini mwezi ujao.

Na hofu hiyo haikuzuliwa hewani. Tarehe 12 Juni 2009, katika chuo cha SOAS mjini London, chuo kinachofundisha Kiswahili na ambacho maktaba yake inahifadhi miswada ya tenzi zetu, wafagiaji waliitwa kwenye mkutano wa alfajiri. Waliambiwa ni mkutano wa kazi. Maafisa wa uhamiaji walikuwa tayari wamo ndani ya jengo. Watu tisa walikamatwa. Wengi wa wafagiaji wale walikuwa watu wa Amerika ya Kusini, lakini habari ilifika kila ghala la mafagio katika mji ule kabla ya saa sita mchana, na kila mwenye ndugu anayefagia aliielewa bila kutafsiriwa.

Tunalikumbusha tukio hilo kwa sababu mbili. Kwanza, waliokamatwa hawakukamatwa kwa kuwa mmoja wao aliandika katika kitabu cha ajali. Walikuwa wamepigania ujira wa kuishi London na haki ya kuwa na chama cha wafanyakazi, na wakavipata, ndipo likaja lile la alfajiri. Pili, hadithi haikuishia hapo. Wanafunzi waliikalia ofisi ya mkuu wa chuo, kampeni ikaendelea mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2017 chuo kilitangaza kwamba wafagiaji watatolewa kwenye kandarasi na kuajiriwa na chuo chenyewe, jambo lililotekelezwa mwaka uliofuata. Walioshinda ni wale waliokuwa na kumbukumbu za maandishi na watu wa kusimama nao. Aliyekuwa peke yake na kimya hakupata ulinzi wowote kutokana na kimya chake.

Sasa tuangalie daftari lenyewe ni la nini.

Nchini Uingereza sheria mama ni ile ya mwaka 1974 ya afya na usalama kazini. Inamtaka mwajiri alinde wafanyakazi wake, na pia watu wasio wafanyakazi wake wanaoguswa na shughuli zake. Kwa chuo kikuu maana yake ni wanafunzi, wageni, na wafagiaji wa kampuni ya kandarasi. Zipo pia kanuni za kuripoti za mwaka 2013, maarufu kwa jina la RIDDOR. Hizo zinamlazimisha mwajiri kuipa taarifa idara ya serikali inayosimamia usalama kazini, HSE, mtu anapokufa, anapovunjika mfupa usio wa kidole, anapokatika kiungo au kupoteza uwezo wa kuona. Mtu akishindwa kufanya kazi yake ya kawaida kwa zaidi ya siku 7, mwajiri ana siku 15 tangu ajali itokee za kutoa taarifa. Zikizidi siku 3 lazima aweke kumbukumbu. Ugonjwa wa ngozi unaotokana na kazi nao umo, daktari akishauthibitisha, na hapa tunawaomba dada zetu wanaolowesha mikono kwenye dawa kutwa nzima wasome sentensi hii mara ya pili.

Mtaona kwamba anayetakiwa kupeleka taarifa serikalini ni mwajiri. Mfanyakazi hamshitaki mtu. Anachofanya ni kumwambia mwajiri kwa maandishi jambo ambalo mwajiri analazimika kulijua. Akiambiwa kwa mdomo tu, mwajiri anaweza kesho kusema hakuambiwa, na hapo ndipo watu wetu wanapopotelea.

Nitoe mfano niliouona kwa macho yangu. Katika miaka ya mwanzo ya ukimbizi, baada ya kupata ruhusa ya kufanya kazi, nilifagia usiku katika chuo kimoja nisichokitaja. Mwenzangu wa zamu, mtu wa Bujumbura, aliteleza kwenye ngazi zilizokuwa na maji yaliyovuja darini. Bomba lile lilikuwa likivuja kwa wiki ya tatu. Msimamizi alikuwa ameambiwa, akaleta ndoo. Mwenzangu alivunjika mkono. Msimamizi akamshauri, kwa upole kabisa na kwa kumshika bega, aende hospitali aseme ameanguka nyumbani, na zamu zake zitamngoja. Zamu hazikumngoja. Alipokuja kudai, kampuni ilimuuliza swali moja: imeandikwa wapi? Karatasi ya hospitali ilisema nyumbani. Kitabu cha ajali kilikuwa kitupu. Hata bomba, kwa mujibu wa makaratasi, halikuwahi kuvuja.

Sheria za Uingereza zingemsaidia mtu yule kama angekuwa na ukurasa mmoja tu. Tangu sheria ya mwaka 1969, karibu kila mwajiri analazimika kuwa na bima ya kuwalipa wafanyakazi wanaoumia kwa uzembe wake. Muda wa kufungua madai England ni miaka 3. Kumfukuza mfanyakazi kwa sababu ametaja hatari kazini ni kosa chini ya sheria ya ajira ya mwaka 1996, na ulinzi huo huanza siku ya kwanza ya kazi, haungoji mtu akae miaka. Mwakilishi wa usalama wa chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa na mwajiri ana haki, chini ya kanuni za mwaka 1977, ya kukagua mahali pa kazi na kuona kumbukumbu. Haki zote hizo zinaanza kwa swali lile lile la kampuni: imeandikwa wapi?

Kwa asiye na makaratasi, hatutamdanganya. Hali yake ni ngumu zaidi, na kabla ya kudai chochote azungumze na mwanasheria wa kituo cha jamii au mtu wa chama cha wafanyakazi ambaye anamwamini. Lakini ajue kwamba huduma ya chumba cha dharura katika hospitali za umma za England haitozwi mtu yeyote, awe na viza au asiwe nayo. Asikae nyumbani na jeraha.

Yapo majeraha ambayo kuchelewa kuyasema ni hatari kuliko jeraha lenyewe. Sindano ni mfano mkubwa. Vyuo vyenye vitivo vya udaktari na maabara za biolojia vinatoa taka ambazo mfagiaji hajui zilipotoka. Mtu akichomwa na sindano iliyotumika, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zisishike zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na heri iwe ndani ya saa 24. Baada ya hapo mlango umefungwa. Tumepata barua ya msomaji aliyefunga kidole kwa plasta na kuendelea na zamu, akaja kusema siku ya tano, kwa sababu aliona aibu kuonekana mtu wa Afrika anayetajataja Ukimwi kazini. Aibu hiyo tunaifahamu sote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi yenyewe hata hayajaingia, bado yanaweza kuzuiwa mlangoni.

Huenda ndugu yetu anayesomea shahada ya uzamivu anasema moyoni kwamba hii ni habari ya wabeba boksi. Asidhani hivyo. Maabara za vyuo vikuu zimeumiza na kuua watu waliosoma sana, na mara nyingi ajali kubwa ilitanguliwa na ndogo ambayo watu waliimalizia kwa kicheko na kahawa.

Tarehe 7 Januari 2010, katika Chuo Kikuu cha Texas Tech, mwanafunzi wa shahada ya juu alikuwa akisaga kemikali ya mlipuko kwa mchi na kinu kidogo. Kikundi chao cha utafiti kilikuwa na kikomo cha miligramu 100. Safari hii zilitengenezwa gramu 10 hivi, yaani mara mia. Ilimlipukia. Alipoteza vidole vitatu, akaungua mikono na uso, na jicho moja likajeruhiwa. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilitoa ripoti yake mwaka 2011, na sehemu ya ripoti hiyo inayotugusa ni hii: kikundi hicho hicho kilikuwa kimeshapata matukio mawili yanayofanana na hilo katika miaka iliyotangulia. Hakuna aliyeumia vibaya, yakapita bila funzo. Kile kikomo cha miligramu 100 kilikuwa kinapitishwa kwa mdomo, kutoka mwanafunzi hadi mwanafunzi.

Kwetu tunayo namna yetu ya kuyapokea matukio ya nusura. Chupa ikipasuka karibu na uso, tunasema Mungu mkubwa, tunafagia vioo, tunaendelea. Kushukuru ni vyema na hatumkatazi mtu. Lakini aliyenusurika ameshikilia habari ambayo mwenzake wa zamu ya kesho anaihitaji kuliko kitu kingine chochote.

Mkasa wa Hawaii ndio unaotuuma zaidi, kwa sababu mhusika hakunyamaza. Mwezi Machi 2016, mtafiti katika chuo kikuu cha jimbo hilo alikuwa akitumia tangi la lita zipatazo 50 lenye mchanganyiko wa haidrojeni, oksijeni na hewa ya ukaa, chakula cha bakteria waliokuwa wakichunguzwa. Kwa mujibu wa taarifa za uchunguzi, alikuwa amepata kurushwa na shoti ndogo ndogo za umeme tuli alipogusa tangi, na siku moja kabla kulitokea mlipuko mdogo ndani ya chombo kingine kidogo zaidi. Shoti zile alimweleza msimamizi wake. Jibu lilikuwa asiwe na wasiwasi. Tarehe 16 Machi tangi lililipuka na mtafiti yule akapoteza mkono. Idara ya usalama kazini ya jimbo ilikiandikia chuo faini ya dola 115,500.

Asiwe na wasiwasi. Neno hilo halikuandikwa mahali wakati linatamkwa. Kama taarifa ya kwanza ingepita kwenye fomu, ingemfikia mtu wa pili nje ya maabara ile, mtu ambaye hana utafiti wa kuwahi wala fedha za mfadhili za kulinda, na huyo ndiye angeuliza kama vifaa vile vinafaa kwa gesi inayolipuka. Hiyo ndiyo faida ya fomu ambayo watu wanaidharau. Inaliondoa jambo mikononi mwa mtu mmoja anayetaka lisiwepo.

Tukubali vilevile kwamba kuandika peke yake hakutoshi. Katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, tarehe 29 Desemba 2008, mtafiti msaidizi Sheri Sangji, binti wa miaka 23 mwenye asili ya Pakistan, alikuwa akivuta kwa bomba la sindano kemikali inayowaka yenyewe ikikutana na hewa. Bomba likaachia, sweta yake ikashika moto. Hakuwa amevaa koti la maabara. Alifariki tarehe 16 Januari 2009. Miezi miwili hivi kabla ya hapo ukaguzi wa chuo chenyewe ulikuwa umeshaandika kwamba watu wa maabara ile hawavai makoti. Karatasi ilikuwapo, hakuna aliyerudi kuangalia. Faini iliyotolewa na jimbo ilikuwa dola 31,875. Mwaka 2011 profesa na chuo walifunguliwa mashtaka ya jinai, kesi ya aina yake nchini Marekani, na mwaka 2014 profesa alifikia makubaliano na waendesha mashtaka: saa 800 za kazi za jamii na dola 10,000 kwa kituo cha kutibu walioungua.

Kwa sababu hiyo tunasema taarifa isiyojibiwa itumwe tena. Ikipita wiki mbili bila jibu, iandikwe ya pili ikitaja tarehe ya ile ya kwanza.

Upo mfano wa upande wa pili, na tunaufurahia. Mwezi Februari 2017, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Bristol aligundua kwamba bila kukusudia ametengeneza TATP, kitu kile kile ambacho magaidi wamekitumia kwenye mabomu. Fikirieni mwanafunzi mgeni, pengine Mwislamu, katika mji wa Uingereza, akiwa na kitu hicho mezani. Angekuwa na kila sababu ya kukimwaga kimya kimya na kwenda zake. Huyu alisema. Jengo likaondolewa watu, wataalamu wakakilipua kwa usalama, hakuna aliyeumia. Chuo baadaye kilitoa taarifa ya wazi ya yaliyotokea ili vyuo vingine vijifunze. Hatujui huyo mwanafunzi ni nani wala ni wa wapi, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa.

Wanafunzi wajue pia jinsi sheria zinavyowaacha nje. Marekani, mamlaka ya OSHA iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1970 inalinda waajiriwa. Mwanafunzi asiyelipwa hana mahali humo. Chuo cha serikali ya jimbo nacho huwa nje ya mamlaka hiyo ya shirikisho, isipokuwa jimbo liwe na mpango wake lenyewe. California na Hawaii wanao, Texas hawana. Uingereza ni afadhali, maana mwanafunzi akichukuliwa kutoka eneo la ajali hadi hospitali kwa matibabu, chuo kinapaswa kutoa taarifa. Chuo Kikuu cha Northumbria kilitozwa faini ya pauni 400,000 mwaka 2017 kwa jaribio la mwaka 2015 ambapo wanafunzi wawili wa sayansi ya michezo walipewa zaidi ya gramu 30 za kafeini badala ya gramu 0.3. Mtu alikosea nukta kwenye kikokotoo cha simu. Walipona, baada ya kulazwa mahututi.

Kwa wafanyakazi walioko Marekani, mambo machache ya kushika. Mtu akifa kazini mwajiri ana saa 8 za kuiarifu OSHA. Akilazwa, akikatika kiungo au kupoteza jicho, saa 24. Mfanyakazi anayo haki ya kuomba daftari la majeraha la mahali pake pa kazi, na anatakiwa apewe nakala kufikia mwisho wa siku ya kazi inayofuata. New York, Texas na California, mfanyakazi ana siku 30 za kumjulisha mwajiri wake ili asipoteze fidia. Na anayeadhibiwa kwa kutaja hatari ana siku 30 tu za kulalamika chini ya sheria ya shirikisho. Siku 30 ni chache sana kwa mtu anayengoja kwanza mgongo upoe, kisha amuulize shemeji, kisha Ramadhani iishe.

Wasomaji wa nyumbani watatuuliza kama tunadhani mambo haya ni ya Ulaya. Hatudhani hivyo. Kenya ilipitisha mwaka 2007 sheria mbili kwa mpigo, ya usalama kazini na ya fidia kwa wanaoumia kazini. Mwajiri akishapata taarifa ana siku 7 za kuifikisha kwa mkurugenzi wa idara husika, na saa 24 ikiwa mtu amekufa. Tangu Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake Desemba 2019, madai hayo yanaanzia kwa mkurugenzi huyo, kwa hiyo asiyeandikishwa hana pa kuanzia. Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 2003 ya usalama kazini, ile ya fidia ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015. Zanzibar ina sheria yake.

Lakini angalieni tunavyoyakumbuka mambo. Tarehe 12 Aprili 2015, siku kumi baada ya mauaji ya Garissa, hitilafu ya umeme ililipuka alfajiri katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka madirishani. Mmoja alikufa, zaidi ya mia moja wakaumia. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama lenye milio ya risasi ambalo wengi hawakuambiwa. Mfanyakazi mmoja wa kike aliruka na kufa. Tuliyasoma yote mawili kama habari za ugaidi uliokosewa. Yalikuwa pia habari za nyaya, milango ya dharura na ruhusa ya kutisha watu mahali pao pa kazi, na hayo yanaweza kuandikwa na mlinzi au mpishi yeyote kabla hayajaua mtu.

Tunavyo vya kudai kwa vyuo vya huku ugenini. Fomu ya ajali isiwe kwenye mtandao wa ndani ambao mfagiaji wa kandarasi hana nywila yake. Msimamizi wa zamu asiwe ndiye mtu pekee wa kuipokea, maana mara nyingi ndiye anayelaumiwa ndani yake. Kampuni ya kandarasi na chuo vyote viwili vipewe nakala, kwa kuwa tumeona kila mmoja akimsukumia mwenzake. Na kama chuo kinaweza kuchapisha kipeperushi cha kuwavutia wanafunzi kwa lugha kumi, kinaweza kutafsiri ukurasa mmoja kwa lugha za wanaosafisha madarasa yake.

Jumuiya zetu nazo, zinazoandaa sherehe za uhuru na michango ya misiba, ziwe na mtu mmoja wa kupokea simu za walioumia. Tunachanga kwa moyo kusafirisha maiti. Ni shida ndogo zaidi kumsindikiza mtu aliye hai kwenye ofisi ya chama cha wafanyakazi. Tumezoea kumwambia aliyeumia pole, na pole ni neno zuri, lakini halina tarehe wala sahihi.

Kwa asiyejua aanzie wapi, aandike tarehe na saa, jengo na ghorofa, alikuwa akifanya nini, nini kilitokea, nani aliona, na kiungo gani kinauma. Apige picha ya mahali penyewe kabla hapajakaushwa. Atume kwa barua pepe au ujumbe wa simu ili saa ya kutuma ibaki juu yake, kwa msimamizi na kwa mtu mmoja wa chuo. Hospitali aseme ukweli wa mahali alipoumia, hata kama ameombwa vingine. Kiingereza kikigoma usiku ule, aandike kwa Kiswahili na atume hivyo hivyo, tafsiri itafuata asubuhi. Wasomaji wawili, mmoja yuko Leeds na mwingine Minneapolis, wamejitolea kutafsiri bila malipo. Atuandikie na tutamuunganisha nao, bila kutaja jina lake kwa mtu mwingine yeyote.